Mlango wa vioo wa paneli nyingi: anza na sakafu, kioo kitafuata

Dada yangu alipobomoa ukuta wa sebule yake Kigamboni ili aifungue kwa nyuma, kwenye baraza, kila aliyeingia alisifu vioo. Mlango ulikuwa na upana wa mita 4.2, paneli nne, zote zikisukumwa upande mmoja na kulala moja nyuma ya nyingine kama karata. Alihamia Februari. Usiku mmoja wa mwezi wa nne mvua ya masika ikapiga kutoka baharini, na asubuhi tukakuta reli ya chini imejaa maji kama mtaro, mchanga umetulia ndani yake, zulia limelowa mpaka kwenye miguu ya makochi. Vioo havikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye vigae: baraza na sebule vilikuwa usawa mmoja, na katika sisi wote tuliouona mchoro, mimi nikiwemo, hakuna aliyeuliza maji yataenda wapi.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa nyumba za watu wa kawaida. Tangu masika yale, mlango wa aina hii naupanga kuanzia chini kwenda juu: maji na sakafu, halafu ukuta, halafu hesabu ya paneli, na kioo karibu na mwisho. Watu wengi hufanya kinyume, kwa sababu kioo ndicho kinachoonekana kwenye picha.

Kwanza tuelewane ni mlango gani. Una paneli tatu, nne au zaidi, na kila paneli ina reli yake. Ukiufungua, paneli zinateleza na kujipanga nyuma ya ile ya mwisho. Usiuchanganye na mlango wa kukunja, ambao paneli zake zimeungwa kwa bawaba. Huo unafungua karibu uwazi wote, lakini unahitaji nafasi ya kukunjukia barazani, na aina nyingi zinaning'inia kwenye linta, yaani boriti iliyo juu ya uwazi, kwa hiyo linta ikishuka milimita chache tu mlango unaanza kugoma. Mlango wa kupangana unaubeba uzito wake chini, sakafuni. Kwa nyumba zetu za tofali naupendelea huu, hasa nyumba ya zamani ambayo hujui ndani ya linta yake kuna nondo gani.

Hatua ya 1: Kaa na ukuta kabla ya kuubomoa

Weka kiti mbele ya ukuta unaotaka kuufungua. Kaa hapo asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni, na ikiwezekana siku moja ya mvua. Unatafuta mambo matatu: jua, mvua ya upepo, na macho ya watu.

Dar es Salaam, kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana linapita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki linapita kusini. Hilo halisumbui sana, maana saa sita jua liko juu na paa la baraza linakinga. Jua linalochoma sebule ni la magharibi, la kuanzia saa tisa alasiri, linalopenya chini ya paa na kulala sakafuni mpaka magharibi. Kama ukuta wako unatazama huko, hakikisha una paa la baraza lenye kina cha mita 2 au zaidi, au mti, kabla hujafikiria kioo. Bila kivuli utaununulia mlango kiyoyozi.

Mvua ya pwani haishuki wima. Kusi inapoanza kuvuma, Aprili au Mei, inatoka kusini-mashariki, na ikikutana na masika maji yanakuja kwa ubavu. Mlango unaotazama mashariki au kusini-mashariki uhesabu kuwa utapigwa na maji usoni.

Kuhusu macho ya watu, nyumba za Kiswahili za zamani zilikwisha kulimaliza jambo hili. Mbele palikuwa na baraza la kuongea na wapita njia, na maisha yenyewe yalikuwa uani. Mlango wa vioo wa mita nne ukitazama barabara, pazia litakuwa limefungwa mwaka mzima. Ufungulie uani.

Hatua ya 2: Panga maji yatakapokwenda

Hapa ndipo pesa inapookolewa, na hapa ndipo mafundi wanapoharakisha.

Sakafu ya baraza, ikishawekwa vigae, iwe chini ya sakafu ya sebule kwa sentimita 5 hadi 10. Nasema ikishawekwa vigae kwa sababu fundi wa zege anapima zege lake, fundi wa vigae anakuja na gundi na kigae, na kati yao sentimita 3 zinapotea bila mtu kuziona. Chora mstari ukutani kwa penseli unaoonyesha usawa wa sakafu iliyomalizika, uuzungushe ndani na nje, na kila fundi apime kutoka kwenye mstari huo. Baraza lenyewe liinamie nje, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Wakati wa kulimwaga, weka pimamaji mwenyewe.

Wapo wanaohitaji sakafu isiyo na ngazi, na sababu yao ni nzuri: bibi anayetumia kiti cha magurudumu, au mtoto anayeanza kutembea. Inawezekana, ila inagharimu. Utachimba mfereji mwembamba mbele ya mlango, urefu wote wa mlango, uufunike kwa kichujio cha chuma kisichoshika kutu, na kuutolea bomba la PVC hadi nje ya baraza. Reli inazamishwa sakafuni ili ulimi wake usimkwaze mtu. Mfereji ukikosekana, usikubali reli ya kuzama. Ndivyo ilivyokuwa kwa dada yangu.

Reli ya chini yenyewe lazima iwe na vitundu vya kutolea maji upande wa nje. Muulize fundi akuonyeshe kwa kidole vilipo. Maji yataingia kwenye reli, hilo halizuiliki. Swali ni kama yatatoka kwa kasi kuliko yanavyoingia. Nimekuta vitundu vilivyozibwa kwa silikoni na fundi aliyedhani anazuia uvujaji, na vingine vimezikwa chini ya kigae.

Kabla ya fremu kuwekwa, mwaga ndoo mbili za maji barazani karibu na kizingiti na uangalie. Yakisimama, au yakirudi ndani, ni rahisi kurekebisha siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Hatua ya 3: Ukuta na linta

Mama mmoja wa Mbezi, mwalimu mstaafu, aliniita niwe shahidi wakati fundi wake anakuja kuangalia ukuta. Fundi akapima kwa macho, akasema, "Mama, hii linta ndogo tu. Nondo nne za milimita 12 zinatosha, kama za madirisha." Mama akamjibu taratibu: "Mwanangu, dirisha lilikuwa mita moja na nusu. Hii ni mita nne. Nani amekupigia hesabu?" Fundi akanyamaza. Hesabu ikapigwa na mhandisi, na boriti ikatoka na kimo cha sentimita 40.

Swali la mama yule liulize na wewe. Uwazi wa zaidi ya mita 2 kwenye ukuta unaobeba paa au ghorofa unahitaji mhandisi na mchoro, na kubadilisha ukuta wa aina hiyo kunahitaji kibali cha halmashauri yako. Nyumba nyingi za kwetu zina mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote juu ya madirisha. Mkanda huo ndio unaoshika kuta zisitawanyike. Fundi akikwambia ataukata kidogo ili mlango uwe mrefu zaidi, msimamishe.

Wakati wa kubomoa, paa lishikwe kwa mirunda kwanza. Baada ya kumwaga boriti, mirunda ibaki walau wiki mbili, na mhandisi akitaka zaidi mfuate yeye. Zege tunalipimia nguvu yake siku ya 28. Mlango hauji kabla boriti haijasimama peke yake, maana kila boriti hushuka kidogo ikishapokea mzigo, na ukiwa umebana fremu chini yake, itaikalia.

Hatua ya 4: Hesabu ya paneli

Kanuni ni moja: paneli zote zikijipanga nyuma ya moja, kinachobaki kimezibwa ni upana wa paneli moja. Chukua uwazi wa mita 4.2. Paneli tatu kwenye reli tatu zitakuachia njia ya mita 2.8. Paneli nne kwenye reli nne, mita 3.15. Paneli nne kwenye reli mbili, zikifunguka katikati kwenda kushoto na kulia, mita 2.1 tu, yaani nusu. Hii ya mwisho ndiyo mara nyingi utauziwa kwa jina la "mlango wa paneli nne", kwa hiyo uliza idadi ya reli, usiulize ya paneli peke yake. Vipimo halisi vitapungua kidogo, kwa sababu paneli hupishana kwa sentimita kadhaa ili zishikane.

Sasa uzito. Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha milimita 8 basi ni kilo 20 kwa mita ya mraba. Paneli ya mita 1.4 kwa 2.4 itakuwa na kilo 67 za kioo kabla ya kuhesabu alumini. Ya mita 1.05 kwa 2.4 ina kilo 50. Magurudumu yatabeba uzito huo kila siku kwa miaka. Mimi hujitahidi paneli isizidi upana wa mita 1.2.

Kila reli inaongeza unene wa fremu. Tofali la inchi 6 likipigwa plasta pande zote linakupa ukuta wa kama sentimita 18, na fremu ya reli nne ukiiongezea reli ya wavu wa mbu inaweza kuzidi hapo. Reli ya wavu! Hii husahaulika kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Mtu anaagiza mlango mzuri, unafungwa, jioni ya kwanza anaufungua apate upepo, na mbu wanaingia kwa njia ya mita tatu. Wavu wa kuteleza unahitaji reli yake ndani ya fremu tangu kiwandani, na reli moja ya paneli moja ya wavu haizibi uwazi wa mita 3. Kwa uwazi mpana, wavu wa kujikunja kama pazia, unaovutwa kutoka ubavuni, unafaa zaidi, lakini nao ulizie kisanduku chake kitakaa wapi.

Amua pia paneli zitarundikana upande gani. Upande huo usiwe na swichi ya taa, wala tundu la umeme, wala kabati linalohitaji kufunguliwa. Pale zilipolala paneli nne, kioo kinakuwa kama kimeongezwa rangi, mwanga unapungua, kwa hiyo usiziweke mbele ya meza ya kusomea watoto. Na njia ya kutoka jikoni kwenda barazani na sinia mkononi ianzie kwenye paneli inayofunguka kwanza. Shika sinia, utembee njia hiyo kabla ya kusaini.

Hatua ya 5: Kioo

Kuna aina mbili za kuzungumzia, na kioo cha kawaida si mojawapo. Kioo cha tempa kimepashwa moto kupita nyuzi 600 kisha kikapozwa ghafla. Kina nguvu kama mara nne ya kioo cha kawaida, na kikivunjika kinamwagika kwa punje ndogo zisizo na makali. Kikishatempwa hakikatwi wala hakitobolewi, kwa hiyo kipimo kikikosewa kioo chote kimepotea. Kioo cha laminati ni tabaka mbili zilizoshikana na plastiki katikati: kikipasuka kinabaki palepale, na kinazuia karibu miale yote ya jua inayofifisha makochi na mazulia. Kwa mlango wa ghorofa ya chini unaotazama uani usio na ukuta mrefu, ningelipa zaidi nipate laminati, kwa sababu mwizi hawezi kukimaliza kwa pigo moja.

Kioo cha tempa kwa kawaida kina muhuri mdogo kwenye kona. Utafute kwenye kila paneli siku ya kupokea. Kama kuna watoto, bandika alama mbili, moja kwa usawa wa macho yao na nyingine kwa usawa wa macho yako. Mtoto anayekimbia kutoka juani haoni kioo kisafi.

Hatua ya 6: Alumini ya pwani

Ukiwa Dodoma au Nairobi, pitia sehemu hii haraka. Ukiwa karibu na bahari, soma mara mbili.

Chumvi inakula alumini kwa vidoti vyeupe, kuanzia kwenye pembe zilizokatwa na kwenye tundu za skrubu. Omba rangi ya unga iliyopikwa juu ya alumini iliyosafishwa vizuri, au alumini iliyoanodishwa, yaani iliyoongezewa tabaka la kinga kwa umeme, lenye unene wa maikroni 20 hadi 25. Skrubu, vitasa na magurudumu viwe vya chuma cha pua cha daraja la 316. Cha 304 kinang'aa vilevile dukani, lakini 316 kina molibdeni, na ndiyo inayosaidia kuikabili chumvi. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye alumini zitatoa kutu na kuiharibu alumini inayozizunguka.

Saruji mbichi nayo inaibabua alumini. Fremu ifungwe plasta ikiwa imekauka, au ibandikwe tepu yote, na tone lolote likidondoka lioshwe papo hapo.

Omba kipande cha profaili, yaani mhimili wa alumini unaotengenezea fremu, ukishike mkononi, usiridhike na katalogi. Mlango mpana mara nyingi hutengenezwa kwa profaili za madirisha kwa sababu ni nafuu. Nguzo za wima zikiwa nyembamba, upepo mkali unazipinda na paneli zinatoka kwenye mstari. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi wa tano mwaka 2024 kilitukumbusha watu wa pwani kwamba upepo wa namna hiyo nasi unatufikia. Uliza pia kama magurudumu yanaweza kupandishwa kwa bisibisi na kubadilishwa bila kuvunja paneli.

Hatua ya 7: Wezi

Njia rahisi ya kuiba kupitia mlango wa kuslaidi ni kuinyanyua paneli itoke kwenye reli. Juu ya kila paneli kuwe na kizuizi cha kuzuia isinyanyuke, na kitasa kifunge kwa ndimi mbili au tatu, isiwe ulimi mmoja katikati. Grili za kukunja bado zinafaa kwa maeneo mengi, ila ziwekwe ndani ya vioo, na funguo yake itundikwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba, hata mgeni, ataifikia gizani moto ukitokea.

Hatua ya 8: Kupima na kuagiza

Usiagize kabla boriti na plasta havijakamilika. Upana upimwe sehemu tatu: chini, katikati, juu. Kimo sehemu tatu. Kisha pembe hadi pembe, mara mbili. Tofauti ikizidi milimita 5 au 6, ukuta urekebishwe kwanza. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, na fremu iwe ndogo zaidi ya hapo kwa milimita 5 hadi 10 kila upande. Nafasi hiyo ina kazi: reli ya mita 4.2 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi inarefuka milimita 3, na isipokuwa na pa kwenda inapinda.

Bei ipatikane kwa maandishi, na itaje idadi ya paneli na reli, unene na aina ya kioo, jina la profaili, aina ya magurudumu, wavu, kufunga, na nani analipa kioo kikivunjika njiani. Bei ya jumla kwa mita ya mraba haikwambii lolote kati ya hayo. Bakiza sehemu ya malipo mpaka jaribio la mwisho.

Hatua ya 9: Kupokea

Siku ya kukabidhiwa, sukuma kila paneli kwa mkono mmoja, mwili ukiwa umelegea. Ikihitaji bega, magurudumu au reli havijakaa sawa. Sukuma, kisha simama: paneli isirudi yenyewe. Fungia karatasi kwenye kila ungio la paneli, ivute; ikitoka bure, brashi ya kuziba mwanya haishiki. Mwisho chukua mpira wa maji, upige mlango kutoka nje kwa dakika kumi, kuanzia chini ukipanda taratibu, mwenzako akiwa ndani na taulo na tochi. Maji yajae kwenye reli, yatoke kwa vitundu, yateremke barazani. Ndani pabaki pakavu.

Kwa dada yangu tulichokonoa vigae vya baraza, tukalishusha kwa sentimita 7, tukaweka mfereji mbele ya mlango. Ilichukua siku tisa na iligharimu karibu sawa na paneli moja ya mlango. Sasa kila mwisho wa Februari, na tena Septemba kabla ya vuli, anafagia mchanga kwenye reli kwa brashi ya rangi, anapitisha kiwaya kwenye vitundu vyote vinane, kisha anaosha alumini kwa maji baridi na sabuni ya vyombo. Nusu saa, halafu anaweka chai.